Jina Lililolala kwa Shukuru

Emiliana Alute wa Mungaa alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyelala kwake. Mgeni akipita mbele ya nyumba yake aliona zizi lenye mbuzi mmoja mzee, akamwonea huruma. Hakujua kwamba anamwonea huruma mwanamke ambaye mali yake imetawanyika kutoka Mungaa mpaka Iguguno, watatu kwa huyu, wawili kwa yule, na jike jekundu lenye pembe iliyopinda kwa Gaspari, jirani wa ng'ambo ya korongo.

Ndivyo watu wa huko walivyofuga tangu zamani. Ng'ombe wako wote wakilala zizi moja, ugonjwa ukiingia unawamaliza wote, na mwenye kijicho anawahesabu bila kutoka jasho. Kwa hiyo unampa mwenzako akufugie. Yeye anakamua maziwa na kuchukua samadi ya shamba lake, ndama ni wako, na ng'ombe akifa unaletewa ngozi uione. Karatasi haiandikwi. Siku ya kukabidhi wanaitwa mashahidi wawili, wanamtazama ng'ombe, rangi, pembe na sikio lililokatwa alama, imekwisha. Baada ya hapo adabu ni moja tu: humfuati mwenzako kumwuliza ng'ombe wangu anaendeleaje. Kuulizauliza ni kumwita mtu mwizi ukiwa umesimama mbali.

Mashahidi wenyewe Emiliana hakuwahitaji sana, maana alikuwa na kumbukumbu ya kutisha. Inasemekana siku aliyozaliwa alimtazama mkunga vizuri, na miaka arobaini baadaye walipokutana mnadani alimwuliza, "Mama, lile gauni lako la maua ya njano uliishia kumpa nani?" Mkunga aliketi chini hapohapo, katikati ya mbuzi wa watu.

Alisoma kisomo cha watu wazima, wakati kila mtu alisoma, akajua kuandika jina lake na kusoma risiti. Mumewe alipofariki alimwachia mizinga ishirini na mbili ya nyuki. Nyuki wa Mungaa wa miaka ile walikuwa wakali kiasi kwamba mbwa wakipita chini ya mti walibweka kwa kunong'ona. Lakini asali yao ilikuwa nyeupe na nzito, ukiigeuza chupa asubuhi inafika mdomoni saa sita.

Wakati wa ushirika, asali ilinunuliwa na ushirika au haikununuliwa. Halafu likaja soko huria. Watu wakaanza kupita na mizani zao wenyewe, kununua alizeti, kuku, vyuma chakavu. Mmoja alikuja kununua punda na mwingine akaja kununua mifupa ya punda, wakapishana barabarani bila kusalimiana. Emiliana akaona kwamba asiyejikusanya atauziwa hata kivuli chake. Akawakusanya wanawake kumi na wanne wenye mizinga, akaongeza mwanamume mmoja, shemeji yake Laurian, mdogo wa marehemu. Laurian alichukuliwa kwa sababu alikuwa na baiskeli, na kwa sababu nyuki walishamuuma sana tangu ujana mpaka wakamchoka.

Mwaka 2006 ndipo alipokuja Peniel, mnunuzi wa Arusha. Alionja asali kwa kijiko, akanyamaza muda mrefu hata Theresia, mweka hazina wa kikundi, akadhani amepaliwa.

"Hii naichukua," Peniel alisema mwishowe. "Lakini, mama, wateja wangu wako Ulaya. Wanataka waone asali inatoka wapi. Muwe na websaiti, na imeili yenye jina lenu, muiandike kwenye lebo. Mimi oda zangu zote natuma kwa imeili. Mteja akiniuliza, namwonyesha maandishi."

"Na tukikwambia kwa mdomo?" Emiliana aliuliza.

"Mdomo wako nauamini. Wao hawajauona."

Basi wakafunga safari kwenda Singida mjini, Emiliana, Laurian na Theresia. Karibu na stendi, Shukuru, mtoto wa Gaspari, alikuwa na chumba chenye kompyuta tatu na mashine ya fotokopi. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Mungaa, ila mji ulikuwa umeshamwingia mpaka kwenye mwendo.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu," alisema Emiliana. "Baba yako anasema tangu Krismasi ya mwaka juzi hujatia mguu nyumbani."

"Kazi nyingi, mama."

"Naziona." Chumbani mle mteja alikuwa mmoja, naye alikuwa amelala juu ya kibodi, na kompyuta ilikuwa inaandika herufi moja tu, ukurasa baada ya ukurasa.

Shukuru akawaeleza. Kuna vitu viwili, alisema. Kwanza ni jina, hilo ambalo mtu akiliandika popote duniani anawafikia nyie. Jina linasajiliwa na kulipiwa kila mwaka. Pili ni hosti, yaani nafasi mnayopanga kwenye kompyuta ya kampuni fulani, na picha na maneno yenu yanakaa humo.

Emiliana akafikiri kidogo. "Kwa hiyo jina ndiyo ng'ombe. Hosti ndiyo zizi."

"Eeh... unaweza kusema hivyo."

"Na ng'ombe wangu anaweza kulala zizi la mtu mwingine."

"Anaweza kabisa. Jina unaweza kuliweka kwa kampuni moja na hosti ukapanga kwa nyingine. Lakini mimi nimepata kampuni moja ya huko nje, bei chee. Ukipanga zizi kwao, ng'ombe wanakupa bure mwaka wa kwanza."

Laurian akainua kichwa. "Ng'ombe wa bure?"

"Wa bure, baba."

"Nina miaka sitini na tatu. Ng'ombe wa bure niliyewahi kumwona alikuwa ameshavimba tumbo, yuko kando ya barabara."

"Shemeji, wewe hata yai la bure hujawahi kupewa," Emiliana alisema. "Utajuaje mambo ya ng'ombe? Endelea, mwanangu."

Shukuru akaendelea. Hakuuliza mwaka wa pili bei itakuwa ngapi, na wao hawakujua kwamba ni swali. Akafika mahali akasimama. "Hapa wanataka mwenye mali. Jina lake, simu yake, imeili yake. Nyie imeili hamna. Na simu yako, mama, nasikia haishiki mpaka upande kichuguu."

"Kile cha nyuma ya choo. Inashika vizuri sana."

"Basi niandike jina langu. Wakiwa na neno watanitafuta mimi, nami nitawaambia."

"Andika lako," alisema Emiliana. "Ng'ombe analala kwako, na mashahidi hawa hapa."

Laurian na Theresia wakasogea nyuma ya kiti cha Shukuru, wakainama mbele ya kioo kama watu wanaokagua mtamba. Jina lilikuwa asaliyamungaa. Theresia alilihesabu kwa kidole, herufi kumi na tatu. Laurian akahesabu, akapata kumi na nne, akarudia, akapata kumi na tatu. Wakakubaliana. Wakaliangalia tena kutoka upande, kuona kama lina kilema.

Shukuru alichapa karatasi moja, akaikunja na kumpa Emiliana. "Hii ni paswadi, mama. Mwenye hii ndiye mwenye kila kitu. Itunze."

Emiliana akairudisha kwa mikono miwili, kama mtu anayekataa sahani ya tatu. "Mwanangu, nikikukabidhi ng'ombe halafu fimbo nikaondoka nayo mimi, utamchunga kwa kitu gani? Kaa nayo."

"Una hakika?"

"Nikiichukua nitakuwa nimekutukana mbele ya watu."

Shukuru akacheka, akaitia kwenye mtoto wa meza, akawanunulia soda. Palipoharibika ni pale, ila hakuna aliyesikia kitu kikivunjika.

Kwa miezi kadhaa mambo yalikwenda vizuri mno. Kwenye tovuti Emiliana aliwekwa picha amesimama kando ya mzinga, amevaa gauni la kanisani, amenyooka hivi kwamba siku ya kwanza alipoonyeshwa aliitikia marahaba kabla hajasalimiwa. Lebo elfu tatu zilichapwa, zote na anwani ile. Peniel aliandika oda mwezi wa sita, akaandika tena mwezi wa kumi na moja. Kila mara Shukuru alichapa barua yake kwenye karatasi, akamkabidhi kondakta wa basi, kondakta akamkabidhi Laurian njia panda. Theresia alinunua bati. Laurian alinunua kengele ya baiskeli yenye sauti kubwa sana, ng'ombe wa kijiji kizima walikuwa wakigeuka akipita.

Mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata, Gaspari alileta habari kwamba mwanawe amefunga kile chumba. Kodi ilipanda, na vyumba vya kompyuta vilikuwa vimeota stendi kama uyoga. Amepata kazi Kilimatinde, anafundisha kompyuta kwenye chuo kimoja cha ufundi. Emiliana akatuma pongezi na chupa mbili za asali. Habari za jina hakuuliza. Alitamani, lakini alijizuia, kama anavyojizuia mtu mwenye adabu asichungulie chungu cha mwenzake.

Mwezi wa tano ukapita. Mwezi wa sita ukaanza. Asali ilirinwa, ikachujwa, ikajaa mapipa mpaka wakaanza kutumia na ndoo za maji. Oda haikuja.

Jumamosi moja simu ililia, Emiliana akakimbilia kichuguu. Alikuwa Peniel.

"Mama, mbona hamjibu? Nimewaandikia mara mbili, barua zinarudi."

"Zinarudi wapi?"

"Kwangu! Halafu nimefungua websaiti yenu nakuta matangazo ya viatu. Viatu vya kike, mama, vya visigino virefu. Mnauza viatu siku hizi?"

"Mungaa? Visigino hivyo vingezama kwenye mchanga pamoja na mwenyewe. Sikiliza, baba. Asali ipo. Niambie kiasi nikuletee."

"Mama, mimi nakujua. Wateja wangu wanakujua kwa anwani iliyo kwenye lebo. Wakiifungua wakakuta viatu, wataniambia asali hii ni ya wezi. Nataka tani mbili, za mwaka mzima. Lakini oda yangu naifunga mwisho wa mwezi. Anwani ikirudi, sawa. Isiporudi, kuna watu wa Tabora wananingoja."

Zilikuwa zimebaki siku nane. Emiliana alishuka kichuguuni taratibu. Tani mbili zilikuwa asali ya wanawake kumi na wanne, yote, pamoja na ile iliyokuwa kwenye ndoo za maji. Na lebo zilikuwa zimebaki elfu moja na mia nane, kila moja ikimwelekeza mzungu kwenye viatu.

Kumfuata mtu uliyemkabidhi ng'ombe ni jambo lenye taratibu zake. Huendi peke yako, huendi na hasira, na huendi mikono mitupu. Emiliana akawaita mashahidi walewale, akabeba galoni ya asali na fedha za kikundi alizotia sahihi Theresia, wakapanda basi kwenda Manyoni, na kutoka Manyoni wakapanda lori la chumvi mpaka Kilimatinde juu. Upepo wa Kilimatinde ni maarufu. Unamvua mtu kofia huku na kumvalisha mwingine kule, na wenyeji wameshazoea, jioni wanakutana kurudishiana.

Shukuru alitoka darasani na chaki mkononi, akafurahi kwelikweli kuwaona. Aliwakaribisha chumbani kwake, akawapikia chai mwenyewe. Wakaulizana habari za nyumbani, za mvua, za Gaspari na mguu wake, za jike jekundu ambalo limezaa. Wakasifia chai. Wakausema upepo. Shukuru akawa anawaangalia mmoja mmoja, akijua kwamba watu watatu hawapandi lori la chumvi kuja kusifia chai. Saa nzima ilipopita, Laurian akakohoa.

"Tumekuja kumwona ng'ombe."

"Ng'ombe gani, baba?"

Theresia akaweka kikombe chini. "Yule wa herufi kumi na tatu."

Shukuru akasimama. Aliwachukua mpaka kwenye ofisi ya chuo, yenye dishi kubwa la intaneti na kompyuta ya mwalimu mkuu, akaandika jina. Vikaja viatu. Akaviangalia kama mtu aliyefungua mlango wa kwao akamkuta mpangaji. Akafungua imeili yake ya kile chumba cha stendi, ambayo hakuwa ameigusa tangu ahame, paswadi ikakataa mara nne, ya tano ikakubali. Ndani kulikuwa na barua tatu kutoka ile kampuni.

"Waliandika," alisema polepole. "Mwezi wa nne, na mwezi wa tano mara mbili. Mwaka wa bure umekwisha. Wa pili ni kulipia, jina na hosti pamoja. Mara tatu ya bei niliyoiona."

"Na wewe hukuona barua," alisema Emiliana.

"Sikuona, mama. Imeili ile niliiacha na meza." Akajikuna kichwa. "Na kusema kweli, nilidhani mmeacha. Tangu nihame hukuniuliza hata siku moja. Ulituma asali, ukatuma salamu, jina hukulitaja. Nikasema moyoni, mama ameshachoka na mambo ya kompyuta, nisimsumbue."

"Sikukuuliza kwa sababu nilikuheshimu!"

"Na mimi sikukusumbua kwa sababu hiyohiyo."

"Basi mmeheshimiana," alisema Laurian, "mpaka ng'ombe amekufa."

"Hajakufa, baba. Amekamatwa." Shukuru alikuwa anasoma kwa kidole. "Jina likiisha muda, kampuni inalishikilia kwa siku kadhaa. Hivi viatu wamevitundika wenyewe ili wapate chochote wakati linangoja. Ndani ya siku hizo mwenyewe anaweza kulikomboa, kwa faini. Zikiisha wanalipiga mnada, anachukua yeyote."

"Zimebaki ngapi?"

"Nne."

"Na mwenyewe ni nani?"

Shukuru alikaribia kioo, akasoma. "Wameandika mimi."

"Na sisi?"

"Nyie hampo, mama."

"Hata chini? Hata kwa herufi ndogo?"

"Hampo popote."

Laurian akasimama, kiti kikaanguka. "Mimi nilikuwepo! Nilisimama nyuma ya mgongo wako, nikahesabu kichwa mpaka mkia!"

"Ulikuwepo, baba. Ila wao hawakukuona."

"Waambie!" alisema Theresia.

"Wako Marekani, mama Theresia."

"Kwani Marekani hawana masikio?"

"Wana fomu."

Emiliana alisogea mbele ya kioo. Alikuwa anaangalia jina lake mwenyewe ambalo halikuwepo. Maisha yake yote mali yake ilikaa kwa watu, na haikupotea kwa sababu kila aliyekuwa nayo aliishi mahali ambapo watu wangemwona. Huko kwenye fomu hapakuwa na mtu wa kuona. Akamgeukia Shukuru.

"Mwanangu. Ungekuwa mtu mbaya ungefanyaje?"

"Ningelikomboa, nikawauzia."

"Na ningekwenda wapi kushtaki?"

"Hakuna mahali, mama."

"Haya. Wewe si mtu mbaya?"

"Mama, mimi ni mtoto wa Gaspari."

"Nimekuuliza wewe, sikumwuliza Gaspari."

Shukuru akaikalisha miguu yake vizuri chini ya meza. "Mimi si mtu mbaya. Nilizembea."

"Basi tumkomboe."

Haikuwa rahisi. Kampuni haikutaka fedha za mkononi wala za posta, ilitaka kadi ya benki, ile inayokubalika nje. Mara ya kwanza Shukuru alitumia ya rafiki yake ambaye sasa alikuwa Mwanza na simu yake imezimwa. Kilimatinde nzima kadi ya namna hiyo ilikuwa moja, ya mwalimu mkuu, naye alikuwa Dodoma kikaoni mpaka kesho yake. Wakangoja. Walilala kwenye nyumba ya wageni ya chuo, ambako Theresia alisali rozari mbili kwa ajili ya kadi. Mwalimu mkuu aliporudi alisikiliza hadithi yote, akapokea fedha za kikundi mkononi na galoni ya asali mezani, akasoma namba za kadi yake kwa sauti ya mtu anayesoma wosia.

Jina likarudi. Viatu vikatoweka, ukabaki ukurasa mweupe mtupu.

"Picha yangu iko wapi?" Emiliana aliuliza.

"Zizi walishalifagia, mama. Jina wanalishikilia, lakini vitu vilivyokuwa ndani wanafuta."

"Huna nyingine?"

"Sikuweka nakala." Shukuru alisema hivyo akiwa ameinamisha kichwa, na Laurian akaona ndipo mahali pa kutoza faini. Alisema mchungaji aliyelala mpaka ng'ombe akakamatwa hutoa mbuzi, na mbuzi huyo huliwa na mashahidi, ndivyo ilivyo.

"Nusu ya kosa ni yangu," alisema Emiliana. "Fimbo niliikataa mwenyewe. Sasa tukimkata mbuzi nusu, shemeji, hiyo nusu nyingine utaifunga kamba wapi?"

Laurian akaacha hoja ya mbuzi, lakini hakuridhika.

Kisha wakaanza upya. Jina lilibaki palepale kwa kampuni ile, maana Shukuru alisema kulihamisha wakati huo kungekula siku ambazo hawana. Ila mwenye mali akabadilishwa. Emiliana alifunguliwa imeili yake mwenyewe, namba yake ya kichuguuni ikaandikwa, na jina Emiliana Alute likaingia mahali lilipokuwa la Shukuru. Alilisoma mara mbili kwa sauti.

Zizi, alisema, hatapanga tena kwa mtu asiyeongea naye. Shukuru akampa namba ya kampuni moja ya Dar es Salaam, Emiliana akatoka nje, akasimama kwenye upepo, akaipigia mwenyewe. Kijana wa kampuni hajasahau simu ile mpaka leo.

"Nina ng'ombe wangu, nataka kupanga zizi kwenu," Emiliana alimwambia.

"Mama, hapa tunauza huduma za intaneti."

"Najua. Siku nikitaka kuondoka na vitu vyangu, mtafunga mlango?"

"Hapana, mama."

"Mwaka wa pili bei ni ileile, au huu wa kwanza ni chambo?"

"Ni... ni ileile."

"Mnaweka nakala?"

"Kila wiki, mama."

"Vitu vikizimika, simu hii anapokea nani?"

"Mimi mwenyewe."

"Unaitwa nani, na kwenu ni wapi?"

Kijana akajitaja, akataja na kijiji cha babu yake, Emiliana akaridhika. Hata hivyo alimwambia Shukuru naye aweke nakala, moja kwenye kompyuta ya chuo na moja kwenye kisahani cha CD cha kwenda nacho Mungaa.

Ikabaki paswadi. Shukuru alimwachia kiti, akaenda kusimama dirishani akiwapa mgongo. Laurian na Theresia wakasogea nyuma ya Emiliana, wakainama, kila mmoja akitayarisha kidole chake cha kuhesabia.

"Shemeji, geuka," alisema Emiliana.

"Nigeuke vipi? Mimi shahidi."

"Geuka. Na wewe, Theresia."

"Sasa nani atajua ulichoandika?"

"Ni mimi."

"Na ukifa?"

"Nitakwambia kabla sijafa. Geuka, upepo wa nje ni mzuri leo."

Wakatoka, Laurian akibamiza mlango kidogo. Emiliana aliandika kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayechagua wadudu kwenye maharage. Aliandika neno ambalo hakuna aliyelisikia, akaliandika tena pale alipotakiwa kulirudia, na kompyuta ikakubali. Uso wake haukuonyesha kitu, ila alikaa pale kitini muda kidogo, mikono mapajani, kabla ya kumwita Shukuru.

Ukurasa waliouweka ulikuwa mmoja tu, bila picha. Ulieleza kwamba hii ni asali ya Mungaa, ya wanawake kumi na wanne na Laurian, na namna ya kuwapata. Ilichukua siku moja na nusu mpaka jina na zizi jipya vikafahamiana. Siku hizo Laurian aliongea na Emiliana kupitia Theresia, hata walipokuwa wameketi benchi moja.

Siku moja kabla ya mwezi kwisha, asubuhi, Emiliana alifungua imeili yake mwenyewe. Barua ilikuwa moja, ya Peniel, imeandikwa alfajiri hiyo.

"Najaribu kwa mara ya mwisho. Naona viatu vimeondoka lakini simwoni mama. Kuna mtu hapa? Anwani hii ni ya nani?"

Shukuru akanyoosha mkono kwenye kibodi ili ajibu upesi. Emiliana akausogeza pembeni, akavuta kiti. Laurian, mlangoni, akasahau kwamba amenuna, akauliza anaandika nini. Ilimchukua Emiliana mpaka kengele ya mapumziko ya chuo.

"Anwani ni yangu, Emiliana Alute," aliandika. "Nipo. Asali tani mbili ipo. Andika oda."